Mistari Miwili Chini ya Neema ya Sagara

Batuli, niwekee mto mwingine mgongoni, kisha fungua dirisha la upande wa karakana. Basi, inatosha. Kaeni nyote. Nitayasema haya mara moja, kwa kuwa pumzi niliyo nayo haitoshi kurudia, na naomba mtu asinikatize mpaka nitakapomuuliza jambo kwa jina lake.

Nianze kwa majina, ili kesho asitokee wa kusema hakujua nani alikuwapo. Mimi ni Nassibu bin Adinani bin Mrisho, fundi wa boti, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, mkazi wa Tabora mjini tangu kuzaliwa. Leo ni Alhamisi, baada ya swala ya alasiri. Waliomo chumbani ni mke wangu Batuli binti Saidi, mwanangu mkubwa Idrisa, binti yangu Zuwena, na mashahidi wawili: jirani yangu Shaban Hamisi, na Amir, mtoto wa marehemu Sajid Gulamhusein aliyenifundisha kazi. Nje, kwenye benchi la karakana, amekaa Jilala Ngassa wa Usinge. Hakutaka kuingia ndani, nami sikumlazimisha, lakini dirisha liko wazi, na ikiwa sauti yangu bado inafika pale, na imfikie.

Mali yangu sitaigawa mimi. Nyumba hii, kiwanja cha karakana, mashine, na lile jokofu bovu ambalo Batuli amenikataza kulitupa, vyote vitakwenda kwa mafungu yaliyoandikwa kabla hatujazaliwa, na kadhi atawasomea. Asitokee miongoni mwenu mtu wa kusema baba aliniahidi. Sikumwahidi mtu. Ninachoruhusiwa kukitoa kwa kinywa changu ni kisichozidi theluthi, tena kwa mtu asiyenirithi, na hicho nitakitaja nikifika mahali pake.

Nilichowaitia ni boti lililolala hapo uani, Neema ya Sagara, mali ya kikundi cha akina mama wa Usinge, linalovusha watu kumi na sita kwa safari moja ziwani Sagara. Idrisa amekwisha kulipiga msasa, amekwisha kuchanganya jelkoti ikalingana na rangi ya zamani, na keshokutwa Jumamosi mwenyekiti wao, Bi Advera, anakuja na lori kulichukua. Nasema mbele ya mashahidi: boti hilo halitoki. Litapasuliwa kwanza. Nitawaeleza sababu, na mkishaisikia mtajua kwamba si homa inayosema.

Mzee Shaban, wewe umeuza kanga maisha yako yote, nikueleze upate kushuhudia kitu unachokijua. Boti la faiba linavaa ngozi. Ngozi hiyo ndiyo jelkoti, tabaka la juu linalong'aa, ambalo unene wake haufiki ukucha wa kidole gumba. Kazi yake ni kuzuia maji na jua na kupendeza macho. Nguvu ya boti haimo humo. Nguvu imo chini yake, kwenye nyuzi za kioo zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na resini, ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu. Fundi mwongo anatibu ngozi na kuiacha mifupa, na boti linarudi kwa mwenyewe likiwa zuri kuliko siku liliponunuliwa. Mimi nilikuwa fundi huyo, mara moja, kwa boti hili hili.

Sisi ni watu wa nchi kavu. Wapo wanaocheka wakisikia Tabora kuna fundi wa boti, wanauliza kama tunavua samaki kwenye visima. Lakini babu yangu Mrisho alikuwa mpagazi wa njia ya Ujiji, na baba yangu alitusimulia kwamba safari moja hakupewa pembe wala vitambaa, alipewa kipande cha mashua. Mzungu mmoja aliikata mashua yake vipande, kila kipande watu wanne, wakaipeleka mabegani mpaka ziwani. Walipoiunga ikavuja. Mzungu akakasirika, akasema mbao ni mbovu, na Mrisho akamwambia mnyapara kwamba mbao si mbovu, mashua imeumia njiani, kila ilipobwagwa chini juu ya mawe wakati wa kupumzika. Boti zinazotufikia sisi huku bara, wanangu, nyingi huumizwa na barabara kabla hazijaguswa na maji. Hadithi hiyo niliijua tangu utotoni, na siku ilipohitajika sikuikumbuka, au niliikumbuka nikainyamazisha.

Kazi hii sikuzaliwa nayo. Nilisoma shule ya serikali hapa mjini enzi za Mwingereza, kwa mwalimu wa ufundi ambaye hakuruhusu chombo kuitwa hiki au kile, kila kitu tulikitaja kwa jina lake au tulisimama nje. Baadaye nikaingia reli, nikapaka rangi mabehewa miaka kumi na saba. Kwenye mabehewa ufa unaletwa na jua: rangi inakauka, inakunjamana, unakwangua, unapaka upya, kazi imekwisha. Sajid aliponichukua nikamsaidie kutengeneza boti la bwawa la Igombe, nilitazama nyufa zake nikasema jua. Alinicheka mpaka miwani ikamdondoka. Akaniambia, "Wewe Nassibu, unatazama kama mpaka rangi. Tazama kama daktari, bwana. Muulize mgonjwa kaumia wapi, usimuulize kavaa nini."

Amir, unatikisa kichwa, umeisikia sauti ya baba yako. Ndivyo alivyokuwa.

Alinifundisha kusoma ufa kwa umbo lake, na haya Idrisa na Zuwena mnayajua, lakini nayasema ili yawe yamesemwa siku ya leo. Nyufa ndogo ndogo zilizotapakaa kama tope la bwawa lililokauka, hizo ni za jua, au jelkoti iliyopakwa nene kupita kiasi, hazina hatari. Nyufa zinazotoka kwenye nukta moja na kusambaa pande zote kama nyota, hapo boti limegongwa, jiwe, gati, nanga iliyoangushwa, na huna budi kutazama chini yake. Na nyufa zinazokwenda sambamba, mstari na mstari na mstari, hapo hapakugongwa na kitu. Hapo boti limekunjwa. Limelazwa juu ya kitu kigumu na uzito ukalikunja, likarudi, likakunjwa tena, mpaka nyuzi za ndani zikakatika na ngozi ikapasuka juu yake.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Mwaka 2016 Neema ya Sagara liliingia hapa likitoka Mwanza kwa njia ya Nzega, jipya, halijawahi kulowa. Lilikaa uani kwangu mwezi mzima likisubiri injini. Injini ilipofika, akina mama wakakodi lori lililokuwa likienda Urambo na Usinge kuchukua tumbaku, dereva akaja hana subira, hakuzima hata injini, kila baada ya dakika anapiga honi. Matairi yale mabovu tunayoyapanga kuwa kitanda cha boti yalikuwa nyuma ya banda, chini ya mabati. Karibu na lango kulikuwa na mataruma mawili, magogo ya kulazia reli. Nikaamuru boti lipandishwe juu ya yale mataruma mawili, nikalikaza kwa kamba mimi mwenyewe, mguu wangu ukiwa ubavuni mwake ili kamba iingie.

Idrisa, wewe ulikuwa juu ya lori. Ulisema, "Baba, tungojee matairi, haya mataruma yataliuma." Nami nikakujibu mbele ya wapakiaji kwamba nilianza kupakia mizigo kabla mama yako hajavunja ungo. Wakacheka sana. Wewe hukucheka, ulishuka ukaenda kunawa mikono.

Mama Idrisa, nisamehe kwa maneno yale. Najua unayasikia leo kwa mara ya kwanza.

Barabara ya kutoka Kaliua kwenda Usinge mnaijua ilivyo wakati wa mvua. Boti lilirushwa juu ya mataruma yale kutwa nzima, limekazwa kwa kamba, halina pa kupepesuka. Likafika linang'aa. Likaingia majini, Jilala Ngassa akapewa usukani, maana hakuna mtu Usinge anayeijua Sagara kumzidi. Baada ya miezi mitatu likaanza kutoa maji chini, wakalirudisha kwangu, na Bi Advera akaja nalo pamoja na Jilala na wajumbe wanne.

Nililala chini ya boti kwa mgongo, nikaona mistari. Sambamba. Kundi moja mbele, kundi moja nyuma, na kati ya makundi hayo nafasi ambayo sikuhitaji futi kuipima, maana niliipanga kwa mikono yangu. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi kama tunavyogonga siku zote. Penye uzima panalia kavu, kama kugonga sahani. Pale palilia kama kugonga debe lenye unga. Nilijua kila kitu kabla sijatoka chini ya lile boti. Na nilikaa chini pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilipotoka Bi Advera akaniuliza, "Fundi, imekuwaje?" Watu walikuwa wengi, wapo wa mtaani na wapo wa Usinge, na wote walitulia wanisikie. Nikasema, kisiki. Nikasema nahodha amepanda juu ya kisiki. Jilala akanitazama, wala hakukasirika, alishangaa tu, akasema, "Mzee, mimi nimezaliwa pale. Chini ni tope na matete. Kisiki kimetoka wapi?" Nikamwambia, "Kisiki hakipigi hodi, bwana." Watu wakaangua kicheko. Kwa kicheko kile mtu akapokonywa usukani.

Sikuishia hapo. Nililitengeneza boti kwa namna itakayofanana na maneno yangu. Kama ningepasua mpaka kwenye nyuzi, kila mwenye macho angeona kwamba nyuzi zimekatika kwa mistari iliyonyooka, na kisiki hakichori mistari iliyonyooka. Basi nikakwangua juu juu, nikabandika tabaka moja la nyuzi kwa ndani lizuie maji, nikajaza jelkoti nje, nikapiga msasa kwa maji mpaka ule laini kabisa, nikang'arisha. Bi Advera alijiona uso ubavuni. Alinishukuru, akaniletea asali ya Usinge, nasi tuliila humu ndani miezi miwili. Wewe Idrisa hukuionja. Nilikuona.

Nipe maji, Batuli. Kidogo. Asante.

Boti hilo halikuzama kwa sababu injini yao ilikuwa ndogo na Sagara ni ziwa la utulivu. Mwaka huu wamefunga injini kubwa zaidi. Linapokwenda kasi tumbo linapigwa na maji, linakunjika pale pale lilipokwisha kuvunjika, na tabaka langu moja la ndani limeanza kubanduka. Ndiyo maana mistari imetokeza tena, miaka minane baadaye, mahali pale pale, kama vile sikuweka mkono. Siku ya Jumanne Zuwena alikuwa akiligonga, akaja hapa kitandani na vumbi lake usoni, akasema, "Baba, kuna mahali panalia vibaya, na kaka ananiambia nifunike tu." Nikamwuliza ni mahali pangapi. Akasema pawili. Nikamwuliza nafasi yake. Akanyoosha mikono hivi. Zuwena, hukujua kilichompata baba yako ulipoinyoosha mikono ile.

Nikamtuma Shaban ampigie simu Jilala. Akaja jana kwa treni. Mnamjua alivyo, hana maneno mengi. Alisimama hapo mlangoni akasema "Mwangaluka," nikaitikia, nikamwambia yote niliyowaambia ninyi, nikamwomba msamaha. Kisha akasema, na ninayarudia maneno yake kama alivyoyasema, "Mzee Nassibu, miaka minane naitwa Kisiki. Nikipita sokoni, Kisiki huyo. Watoto wangu shuleni ni wana wa Kisiki. Mke wangu akigombana na jirani anaambiwa akamtafute Kisiki wake amtetee. Sasa wewe unaniambia samahani ndani ya chumba, tuko wawili. Lipasueni lile boti watu waone. Hapo nitajua unasema kweli." Akatoka. Amelala kwa Shaban, na leo amerudi tangu asubuhi, amekaa na boti uani kama mtu anayeuguza.

Ana haki. Nisingeridhika na kidogo kuliko hicho kama ningekuwa yeye.

Idrisa. Nimefika kwako, na sasa nakuuliza jambo kwa jina lako, nawe unijibu. Wewe si fundi mbaya. Sikio lako ni zuri kuliko langu nilipokuwa na umri wako. Uliligonga boti lile siku lilipoingia, kabla ya Zuwena, na ulisikia. Kwa nini ulichanganya jelkoti?

Sema, mwanangu, mashahidi wasikie.

Mmesikia alivyosema. "Baba, nimekusitiri miaka minane. Leo, umelala hivi, unataka nikuvue nguo mbele ya watu?" Hilo ndilo nililolijua na ndilo lililoniuma tangu Jumanne, zaidi ya hiki kifua. Nilidhani nimemdanganya Bi Advera na kumdhulumu Jilala. Kumbe nimemfundisha mwanangu kwamba kumpenda baba ni kupaka rangi juu ya kosa lake, na amejifunza somo hilo vizuri mno, anapaka vizuri kuliko mimi.

Sikiliza, Idrisa. Aibu yangu ningeweza kuomba uifunike kama ingekuwa yangu peke yangu, kama ningekuwa mlevi au mchoyo. Hii ina watu kumi na sita ndani yake kila asubuhi. Wamo wajawazito wanaovushwa kwenda zahanati. Ukilipaka, nitazikwa na jina zuri, kisha siku moja watu watakuwa katikati ya Sagara na injini yao mpya na tumbo la boti litafunguka kwenye mistari yangu miwili, na wewe utakuwa ndiye uliyeligusa mwisho. Sikuachii hilo. Ninakuondolea mzigo wa kunisitiri. Nakuamuru kama baba, na Mzee Shaban na Amir mshuhudie kwamba nimeamuru: fungua.

Usilie, mwanangu. Lia baadaye. Sasa shika kazi, na kazi ni hii.

Anza leo, Jilala akiwa amekaa pale. Osha tumbo lote kwa sabuni, lifute kwa asetoni na kitambaa cheupe, badilisha kitambaa mpaka kisitoe kitu, maana nta tuliyong'arishia inaficha nyufa. Chukua masizi ya sufuria, uyachanganye na mafuta ya taa kidogo, upake, ufute juu. Yatakayobaki ndani ndiyo yatakayokuonyesha mistari inaishia wapi, na utakuta inaishia mbali kuliko unavyodhani. Lizungushie chaki. Kisha washa mashine ya kusaga, ushuke polepole. Ukiipita jelkoti utaona nyuzi. Nyuzi nzima zina rangi kama chupa ya soda, unaona mpaka ndani. Nyuzi zilizokatika ni nyeupe kama maziwa. Ufuate weupe wote mpaka uishe, usihurumie, hata kama tundu litakuwa kubwa la kupitisha kichwa.

Liache wazi. Jumamosi Bi Advera akija, mwambieni aingize kidole chake mwenyewe. Mwonyesheni na mataruma, bado yako pale langoni, tunayakalia. Pimeni mbele yake. Barua nimekwisha kumwandikisha Zuwena, imetaja majina yote kwa ukamilifu na kosa kwa ukamilifu, isomwe kwanza hapa na kisha Usinge mbele ya wajumbe wale wanne na yeyote atakayetaka kusikia. Mkifika kwenye neno kisiki, msome kwa sauti ile ile mliyosomea maneno mengine.

Bi Advera atataka boti lake Jumamosi hiyo hiyo. Hatalipata, na mtamwambia kwa adabu. Halijakauka. Bandikeni kipande cha nailoni juu ya tundu, mkiziba kingo zake kwa gundi ya karatasi, mlitoe juani mchana mzima. Mkikuta jasho ndani ya nailoni, resini haishiki hapo, msubiri. Upepo wa sasa utawasaidia, mnahitaji wiki mbili, pengine tatu. Msiwashe jiko la mkaa karibu, asetoni haina mchezo. Wakati huo wote apewe boti letu la kuazima lile la buluu, na injini yake.

Nyuzi mpya mzilaze kwa mteremko mrefu, kila milimita moja ya unene iende milimita kumi na mbili ya urefu, ndani na nje, matabaka madogo kwanza na makubwa juu yake. Resini mchanganye asubuhi, kidogo kidogo, maana joto la mwezi huu linaifanya igande mkononi, na hadna, dawa ya kuigandisha, mpime kwa bomba la sindano, si kwa kifuniko kama Idrisa anavyopenda. Jelkoti iwe ya mwisho, nayo ifunikwe kwa nailoni, ikiachwa na hewa haikauki juu, inabaki kunata. Na mvae barakoa. Mvae barakoa hata mkisaga dakika moja. Daktari ameniambia kilichomo kifuani mwangu ni vumbi la miaka arobaini. Nilikuwa nasema zinanibana pua.

Likirudi Usinge, likalale juu ya matairi na magunia ya pumba, na Idrisa upande nalo.

Niacheni nipumzike kidogo.

Lililobaki ni fupi. Karakana mtarithi kwa sheria, kila mmoja fungu lake. Lakini neno la kusema boti hili litoke na hili lisitoke, hilo halimo kwenye mafungu ya kadhi, na hilo nampa Zuwena. Idrisa, usinikunjie uso. Mikono yako ni mizuri kuliko yake na utabaki kuwa fundi mkuu. Ila yeye aliposikia vibaya alisema amesikia vibaya, na wewe uliposikia ulinifikiria mimi. Atakayekuwa na neno la mwisho asiwe na mtu wa kumfikiria. Zuwena, ukimwogopa kaka yako, au mteja, au mwenyekiti, toa ufunguo wa lango umpe mwingine siku hiyo hiyo.

Na theluthi yangu. Boti langu dogo lililoko bwawani Igombe, lile la makasia mawili nililolijenga kwa mkono wangu, nalitoa kwa Jilala bin Ngassa wa Usinge. Silitoi kununua msamaha, aelewe hivyo, naye ana hiari ya kulikataa. Nalitoa kwa kuwa nilimwondoa majini na nina chombo cha majini. Zaidi ya hapo usukani wa Neema ya Sagara si wangu kuutoa. Watatoa wao wakishaona.

Amir, andika hayo. Shaban, umesikia? Haya.

Idrisa, nenda sasa. Nenda, mama yako yuko hapa, sitaki mtu wa kunishika mkono, nataka kusikia mashine.

Zuwena, simama dirishani uniambie. Ameosha? ... Masizi ameyapaka? ... Mpaka wapi, hebu onyesha. Ndiyo. Nilijua yatakwenda mpaka kwenye mkuku, uti wa mgongo wake.

Hiyo ameiwasha. Inalia juu juu, bado yumo kwenye jelkoti. Mtu amsogeze Jilala, vumbi lisimwingie ... Hataki kusogea? Basi mpeni barakoa.

Sasa imebadilika sauti. Mmesikia? Amefika kwenye nyuzi. Zuwena, nyeupe au kama chupa?

Nyeupe.

Mstari umenyooka?

... Eeh.

Na Jilala amesema nini?

Amesimama anatazama. Basi msimwulize. Leo wala kesho. Akitaka kusema atasema, na asipotaka, mtamkaribisha chakula kama mnavyomkaribisha mtu.

Njooni karibu, sauti inaniishia. Batuli, umenivumilia miaka hamsini na mmoja, radhi niliyo nayo ni ndogo kuliko ninayoihitaji kwako. Zuwena, Mungu akupe sikio lisilochoka. Idrisa hanisikii, mwambieni nimemridhia, nimemridhia tangu aliposhuka kwenye lile lori, na Mungu ampe watoto watakaombishia. Mashahidi wangu, Mungu awahifadhi na majumba yenu. Watu wa Usinge ... wavuke salama.

Mashine isizimwe kwa ajili yangu. Nikinyamaza, Batuli atanifunga macho, na watu wasikimbilie uani kumwita Idrisa. Kuna mstari wa pili. Mwacheni ... mwacheni aufikie kwanza.